Gogo la Okidi Nisiloliloweka

Aibu hii nimeishi nayo miaka mingi mpaka imekuwa kama ndugu wa nyumbani, maana hapa Sumbawanga ukiuliza fundi Ladislaus seremala anakaa wapi utatazamwa usoni kama umeuliza habari za ng'ambo, lakini ukiuliza Fundi Chumvi anakaa wapi, hata mtu aliyeshuka kwenye basi la Laela asubuhi hiyo hiyo atakunyooshea kidole. Basi kwa kuwa leo mmenibana, na kwa kuwa wengine waliokuwepo wanaisimulia habari hii kwa kuongeza (kuna mmoja anasema ng'ombe walikuwa sita, walikuwa wawili tu), acheni niiseme mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea, hata mke wangu akiweka chumvi kwenye mboga huwa ananiangalia kwanza.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yameanza kujaa sabuni za kila rangi, mitumba imefika hadi vijijini, na kila mwenye mtaji kidogo anafungua kitu, huyu mashine ya kusaga, yule baa, yule nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye karakana ya ushirika iliyokufa (ilikufa taratibu, kwanza iliisha gundi, kisha misumari, mwisho akaisha meneja), nikajifungulia banda langu pale Majengo, banda la mabati lenye meza moja ya kurandia na kiburi cha kujaza banda la pili.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa Mama Gaudensia. Huyu mama alianza kwa kuuza mchele na sabuni mpakani Kasesya, akivuka na kurudi mpaka watu wa forodha wakawa wanamsalimia kama shangazi yao, na sasa alikuwa amejenga hoteli mjini, vyumba kumi na viwili, na mbele sebule kubwa ya kupokelea wageni. Mimi ndiye niliyemtengenezea mlango wa hiyo sebule, mlango wa mninga wa mabawa mawili, mpana mno, na siku ya kuupachika nilisimama katikati nikanyoosha mikono nikasema, "Mama, hapa hata gari linapita." (Maneno haya niliyasema mimi, kwa kinywa changu, mbele ya mashahidi.) Mama Gaudensia alifurahi, akasema ufunguzi ukienda vizuri, vitanda na makabati ya vyumba vyote kumi na viwili ni vya kwangu, na usipoenda vizuri kuna fundi wa Kizwite anapitapita pale kila siku kumwamkia.

Wiki moja kabla ya ufunguzi akaniita.

"Fundi, kule Lusaka nililala hoteli moja, ndani ukutani wametundika gogo, na juu ya gogo yameota maua. Hakuna udongo, hakuna chungu. Maua yameshika gogo kama mtoto mgongoni. Yanaitwa okidi. Nataka kama yale, juu ya kiti cha mgeni rasmi."

Mtu mwenye akili angesema ngoja nikaulize. Mimi nilisema, "Hiyo ni kazi ndogo, mama," huku okidi pekee nilizozijua ni zile za mbugani ambazo akina mama huchimba viazi vyake wakawauzia Wazambia wapikie chikanda, kile chakula chao. Kwamba kuna nyingine zinakaa juu ya miti, hewani, zinakunywa umande na kupendeza tu, hilo nilikuja kulijua kwa Sista Benedikta.

Sista Benedikta alikuwa mtunza bustani wa masista, Mfipa mwenzetu, mama mfupi mwenye macho makali na mikono iliyojaa udongo wakati wote. Nyuma ya nyumba ya masista alikuwa na kibanda cha nyavu, na ndani yake kulikuwa na okidi alizoziokota miaka na miaka kwenye matawi yaliyoangushwa na upepo au na wachoma mkaa kule milima ya Mbizi, akazileta kwa baiskeli, akazilea. Kulikuwa na nyeupe zenye mkia mrefu zinazonukia jua likizama, na moja kubwa ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui, ambayo alisema aliisubiri miaka sita itoe ua.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Umelileta lile benchi la kwaya?"

"Benchi liko mbioni, Sista. Nimekuja kwa habari ya maua."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema atatoa saba. "Lakini sikupi, nakuazima. Zikae hotelini mwezi mmoja zirudi. Zikifa utanieleza mimi, na mimi nitamweleza aliyeziumba. Sasa niambie, utazipachika kwenye mti gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuchemka, maana jamani, mimi ni seremala, miaka kumi na tano nanusa mbao, halafu sista ananiuliza habari za mti. Nikamwambia mkaratusi, upo mwingi.

"Mkaratusi unajivua gome kama nyoka," akasema. "Baada ya mwezi gome limebanduka na ua liko sakafuni."

"Basi msindano."

"Msindano una utomvu, utaunguza mizizi."

"Kuna nguzo kuukuu ya simu pale..."

Akanitazama kama nimeomba kubatiziwa mbwa. "Nguzo imepakwa dawa ya kuua kila chenye uhai. Okidi ina uhai, Ladislaus."

Kisha akanipa somo. Nitafute mti mgumu uliokufa zamani, uliokaukia juani na kwenye mvua, usiooza upesi kwa sababu gogo litakuwa linamwagiwa maji kila siku, wenye gome gumu au nyufa ambazo mizizi itapata pa kushika. Nipande Mbizi, nitapata. "Na ukishalipata," akasema, akanyoosha kidole chenye udongo, "liloweke kwenye pipa siku tatu, kila siku ubadili maji. Hujui gogo limepita wapi kabla ya kufika kwako."

Hilo ndilo neno nililolidharau. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu Skola, kazi yangu yote duniani ni kukausha mbao, nimegombana na watu kwa ajili ya mbao mbichi, leo niichukue mbao iliyokauka yenyewe niitie majini, si sawa na kumchoma kuku ukimaliza ukamtumbukiza kisimani? Skola akasema, "Lakini yeye ndiye mwenye maua." Nikamwambia yeye ana maua, mimi nina mti. (Huyu mwanamke amenikumbusha sentensi hiyo mara ngapi, sitaki kuhesabu.)

Jumatatu nikapanda baiskeli kwenda Mbizi. Mnaijua nchi yetu, Ufipa ni nyasi na upepo, miti mpaka uitafute, na mlima ule ukiutazama kutoka chini kwenye baridi ya mwezi wa sita miguu yenyewe inaanza kuuliza maswali. Sikuupanda. Chini kabisa, kabla ya kilima cha kwanza, nilipita kwenye boma la wafugaji lililohamwa, nguzo zimeng'olewa, samadi imekauka, na pembeni kwenye nyasi lilikuwa limelala gogo, na mioyo ya maseremala mnaijua, wangu ulisimama.

Lilikuwa gogo refu kama mtu, gumu kama chuma, rangi ya kijivu inayong'aa kama mvi za askofu. Lilikuwa limechongwa shimo refu juu kama mtumbwi mdogo, na kingo zake laini, zimelika kwa mawimbi mawimbi ya ajabu, mimi nikajiambia hiyo ni kazi ya mvua na miaka. Chini lilikuwa na nyufa nzuri za kushika mizizi, na ndani ya nyufa kulikuwa na unga mweupe, nikajiambia huu ni ukungu wa uzee, nikaupangusa kwa kofia. Sikujiuliza nani aliyelichonga shimo lile wala kwa nini. Nililifunga kwenye baiskeli nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Pipa lilikuwepo nyumbani. Maji yalikuwepo. Nililiangalia pipa, nikaliangalia gogo lile zuri kavu, nikaingia ndani kunywa chai.

Ijumaa nikalipeleka kwa Sista. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akaridhika, nami nikavimba kichwa. Kisha akauliza, "Uliliweka kwenye maji?"

"Nililiweka, Sista."

"Mbona limekauka hivi?"

"Jua la leo, Sista," nikasema, na siku ile hapakuwa na jua hata la kuanikia leso.

Akaanza kuzifunga okidi zake kwenye gogo mojamoja kwa vipande vya soksi kuukuu, taratibu, kama anamfunga mtoto bandeji, ile ya chui akaiweka katikati. Alipomaliza alikaa kitambo akiiangalia. Akaniambia nisiache kuzinyunyizia asubuhi, tena sana, kwa kuwa hewa ya ndani ni kavu.

Jumamosi, mabwana, mimi nilivaa suti. Ilikuwa suti yangu ya kwanza, ya mtumba, mikono mirefu kidogo, lakini nikikunja viwiko haionekani. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshalitundika gogo kwenye ndoano mbili ukutani, juu kidogo ya kiti cha mgeni rasmi, nikachukua bomba la mkono nikazinyunyizia okidi mara ya kwanza kama nilivyoambiwa, mara ya pili kwa usalama, na mara ya tatu kwa sifa tu kwa sababu watu walikuwa wameanza kuingia na walikuwa wananiangalia. Maua yalipendeza mno. Watu walikuwa wanakuja wanasimama chini yake wanauliza udongo uko wapi, na mimi naeleza habari za mti mgumu na utomvu, maneno yote ya Sista, kama vile niliyazaa mimi. Upepo nje ulikuwa wa kukata masikio, kwa hiyo Mama Gaudensia aliagiza madirisha yafungwe na majiko mawili ya mkaa yawekwe kwenye pembe za sebule. Fundi wa Kizwite naye alikuja, akakaa nyuma, akaliangalia gogo akameza mate. Nilimpungia mkono.

Mgeni rasmi alikuwa bwana mkubwa mmoja kutoka ofisi ya mkoa, mtu mzima, mpole, mwenye kipara safi na staha ya kukaa wima. Alikata utepe, akaketi chini ya okidi zangu. Padre akasimama kubariki nyumba, akapita akinyunyiza maji ya baraka pande zote, kisha akarudi kukaa.

Hapo gogo likaanza kutoa jasho.

Joto la mkaa, maji ya mara tatu, na lile shimo la juu ambalo nilikuwa nimelijaza bila kujua, vyote vilikutana. Tone la kwanza lilimdondokea mgeni rasmi utosini, tuseme katikati ya kipara. Akadhani ni baraka, akafanya ishara ya msalaba. Tone la pili, akafanya tena. La tatu tena. La nne akageuka kumtafuta Padre, akamwona amekaa ameshika kikombe, akashangaa, lakini akafanya ishara ya msalaba kwa adabu. Mimi nilikuwa naliona hilo kutoka pembeni nikasema moyoni, maji si kitu, yatakauka.

La tano likaingia kwenye chai yake. Akanywa. Akatulia. Akamwinamia Mama Gaudensia akauliza kwa sauti ya chini, ya kiungwana kabisa, "Mama, hapa kwenu chai mnatia chumvi?"

Mama Gaudensia aliangalia mlango wa jikoni kwa macho ambayo nashukuru hayakuwa yananiangalia mimi. Ikaletwa chai nyingine. Ikadondokewa. Akanywa, akatabasamu, akaiweka chini mbali. Kutoka jikoni nilisikia mpishi anaapa kwa jina la mama yake.

Nikasogea. Nikajifanya nafuta meza, nikapitisha kidole chini ya gogo, nikakitia mdomoni. Chumvi. Si chumvi ya kubahatisha, chumvi kali ya mawe, ile inayokaza ulimi. Na hapo hapo, kama mtu aliyefunuliwa macho, nikaelewa lile shimo, na zile kingo laini za mawimbi mawimbi, kwamba hazikuliwa na mvua, zililiwa na ndimi. Nilikuwa nimetundika juu ya kichwa cha mgeni rasmi hori la kulambishia ng'ombe chumvi.

Ningeungama pale pale yangeishia hapo. Badala yake nikavua koti la suti, nikasema kwa sauti kubwa, "Samahani mzee, nayaweka maua sawa kwa ajili ya picha," nikalifuta gogo lote kwa koti, juu na chini, nikachovya hadi ndani ya shimo, koti likanywa yale maji yote mpaka likawa zito, kisha (nilikuwa nimevaa shati lenye kiraka mgongoni, sikuwa na njia nyingine) nikalivaa tena.

Wakati huo huo nje lilifika mkokoteni wa Masanja. Masanja alikuwa mfugaji aliyehamia kwetu na familia yake kutoka Usukumani, mtu mrefu, mtaratibu, na mjini alijulikana kwa mkokoteni wake wa kukokotwa na maksai wawili, Ruksa na Tarumbeta, uliokuwa unabeba kila kitu kuanzia magunia hadi wagonjwa. Siku ile alikuwa amebeba kreti za soda za sherehe. Alisimamisha mbele ya mlango wangu mpana, uliokuwa wazi, akashuka kuanza kupakua.

Sisi ndani tulichosikia ni sauti ya Masanja, kwanza ya kawaida, kisha ya juu. "Ruksa. Ruksa. We Ruksa." Mgeni rasmi alikuwa anaanza hotuba, akadhani watu wa nje wanaomba kuingia, akasema kwa ukarimu, "Waingie, waingie, ni ruksa." Wakaingia.

Walipita mlangoni wote wawili na nira yao bila hata kugusa kizingiti, nilikuwa nimewaambia hata gari linapita, lakini mkokoteni ulikuwa na magurudumu yaliyotokeza, ukanasa katikati ya mabawa ya mninga kwa kishindo, mnyororo wa kukokotea ukakatika, kreti zikalia, na mlango ukawa umezibwa kabisa. Madirisha yalikuwa na nondo. Watu wakapanda juu ya viti, Padre naye akapanda, akina mama wa kwaya wakajibana kwenye pembe ya jiko huku wakicheka kile kicheko cha hofu kisichozuilika. Maksai hawakumjali mtu. Walikwenda moja kwa moja, polepole, kama wazee wanaorudi nyumbani jioni, hadi kwenye kiti cha mgeni rasmi. Ruksa akanyoosha shingo juu ya bega lake akaanza kulilamba gogo. Tarumbeta hakupata nafasi, akatafuta penye chumvi nyingine, akaipata kwenye kipara.

Ulimi wa ng'ombe ni kama tupa ya seremala, mnajua. Yule bwana mkubwa, Mungu ambariki, hakupiga kelele. Alikaa wima vile vile, karatasi za hotuba mkononi, analambwa, akauliza, "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wangu, mzee," Masanja alijibu kutoka nje, kichwa chake kimetokeza juu ya kreti. "Hana neno huyo. Shikamoo."

"Marahaba," akasema mgeni rasmi.

Ndipo Ruksa akafika katikati ya gogo na kuichukua ile ya manjano yenye madoa ya chui, ua, majani, soksi na vyote, akaitafuna akiniangalia mimi. Miaka sita ya Sista Benedikta. Niliruka, nikalinyakua gogo kutoka kwenye ndoano nikalikumbatia kifuani ili kuziokoa zilizobaki, na nilipogeuka ndimi mbili zikageuka nami, maana sasa nilikuwa nimelishika gogo la chumvi na nimevaa koti la chumvi, nilikuwa mchuzi ulio tayari.

Masanja alikuwa ameshapenya chini ya mkokoteni, anawafungua nira. Akaliangalia gogo, akaliangalia tena.

"Fundi," akasema, "hilo si hori langu?"

"Masanja, tutaongea."

"Nililiacha tu mpaka nipate nafasi ya kulifuata."

"Tutaongea, ndugu yangu. Niwatoeje?"

"Tembea nalo. Watakufuata. Usikimbie tu, ukikimbia nao wanakimbia."

Njia pekee iliyobaki ilikuwa ushoroba wa vyumba, kutokea jikoni. Basi nikatembea. Mbele mimi na gogo langu la maua, nyuma Ruksa, nyuma ya Ruksa Tarumbeta, tukapita mbele ya milango yote kumi na miwili ya vyumba ambavyo vingekuwa na vitanda vyangu. Kwenye chumba cha tano mgeni mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Kipili, aliyelazwa kwenye godoro la sakafuni kabla ya vitanda kuja, alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni, akatuona, akasema "Samahani," akafunga. Jikoni mpishi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasingiziwa, alitupisha kwa heshima kubwa, akaonja kidole alichokigusisha kwenye koti langu nilipopita, na nikamsikia anapaza sauti kuelekea sebuleni, "Mama, chumvi nimeipata."

Nje ilikuwa Jumamosi, siku ya watu. Sikujua niende wapi, Ruksa ananilamba sikio la kushoto, Tarumbeta anafyonza pindo la koti, na mikononi nina maua ya kuazima yanayoungua kwa chumvi, kwa hiyo miguu yenyewe ikashika njia ya kwa masista, na mji mzima ukatufuata. Mtu wa viatu vya mtumba aliuliza hao ng'ombe ni mahari au ni wateja. Bibi mmoja nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, akaitikia marahaba, halafu akawaangalia maksai kama anasubiri na wao waamkie. Nilicheka. Ni kweli, katikati ya aibu ile nilishikwa na kicheko cha kijinga ambacho kilinitikisa na gogo, na kadiri nilivyocheka ndivyo watu walivyocheka, tukafika kwenye geti la masista kama maandamano ya sikukuu.

Sista Benedikta alikuwa anamwagilia kabichi. Aliweka ndoo chini. Aliliangalia gogo, akahesabu okidi kwa macho, akaona sita na kipande cha soksi kinaning'inia mdomoni mwa Ruksa, akaelewa. Uso wake ulibadilika, na kicheko changu kilikatika pale pale.

"Ladislaus," akasema polepole, "uliliweka kwenye maji?"

Na mimi, jamani, mbele ya umati, ulimi wa ng'ombe ukiwa ndani ya sikio langu, nikajibu, "Nililiweka, Sista."

Akapitisha kidole kwenye gogo, akakionja, akatema mate pembeni kwa adabu.

"Uliliweka kwenye bahari gani?"

Alizifungua okidi zake palepale akazipeleka kuziosha, na mimi nikabaki getini na Masanja aliyekuja kuchukua wanyama wake, akaniambia kwa upole, kama anayemfariji mfiwa, kwamba Ruksa hakuwa na nia mbaya.

Mbili zilikufa wiki ile ile, mizizi imeungua. Nne zilipona. Nilikwenda kila asubuhi kwa mwezi mzima kubadili maji ya pipa alimoliweka lile gogo mwenyewe, na kila asubuhi Sista alionja maji akatikisa kichwa, mpaka siku moja alionja akameza, nikajua yamekuwa maji. Nyeupe zile bado zipo kwenye gogo hilo, ndani ya chumba cha kulia cha masista, na zinanukia. Ya chui hakupata nyingine. Hilo ndilo ambalo kila nikisimulia halinichekeshi.

Vitanda vilikwenda kwa fundi wa Kizwite, na ni vitanda vizuri, siwezi kusema uongo tena. Mama Gaudensia aliniita kurekebisha mlango, akasimama nyuma yangu kazi yote, na nilipomaliza akauliza, "Mkokoteni unapita sasa?" nikaona mabega yake yanatikisika. Masanja nilimchongea hori jipya, akawaonyesha ndugu zake, na mwaka ule maagizo ya mahori ya chumvi yalinijia kutoka kila boma la bondeni mpaka nikaongeza banda. Ndiyo maana hilo jina la Fundi Chumvi nimelikubali, lina wateja wake.

Lakini ule uongo wa mara mbili ulinikereketa, nikaenda kuungama. Nikapiga magoti, nikaanza kueleza kwa mzunguko, kwamba Padre, nilimdanganya mtumishi wa Mungu kuhusu gogo fulani, na kwa sababu hiyo yakatokea madhara kwenye shughuli fulani ya watu...

"Mwanangu," sauti ikanikatiza upande wa pili, "nilikuwa juu ya kiti."

Kisha nikasikia ubao unatikisika kwa muda mrefu, mtu anajikaza. Malipizi aliyonipa ni rozari moja na kulimaliza benchi la kwaya wiki hiyo hiyo. Benchi nilishalimaliza, na nimejiwekea nadhiri yangu mwenyewe juu yake. Mbao yoyote ikiingia karakanani kwangu, iwe mninga wa kutoka Mpanda au kipande cha sanduku la chai, kabla sijaigusa kwa randa naishika kwa mikono miwili na kuilamba. Wateja wageni hushtuka wakadhani fundi ana njaa, na mimi huwa siwaelezi.